Mgeni na Jembe Lake: Tahakiki ya Mchezo wa "Auf Wiedersehen, Pet"

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na mara nyingi twaieleza kwa upande mmoja tu: kwamba inamwonya mgeni asikae bure. Lakini upo upande wa pili. Yule apewaye jembe huacha kuwa mtazamaji. Huingia shambani pamoja na wenyeji, akasikia wanavyogombana na wanavyotaniana, akamjua mvivu na mchapa kazi, naye pia akajulikana. Asiyepewa jembe hubaki barazani akiusifu upepo.

Tumeikumbuka methali hii kwa sababu ya mchezo mmoja wa televisheni ya Uingereza, uchanganyao futuhi na majonzi, ambao katika mifululizo yake minne uliwapeleka wahusika wake ng'ambo. Huenda msomaji akauliza mchezo wa Waingereza watuhusu nini sisi tufundishao Kiswahili. Twamwomba avumilie kidogo, kwani jambo tunalotaka kulitoa humo linahusu pia mazungumzo tuyaandikayo ubaoni kila siku.

Mchezo wenyewe unaitwa "Auf Wiedersehen, Pet". Ulianza kuonyeshwa na Central Television mwezi wa Novemba 1983, katika sehemu 13. Watungaji wake ni Dick Clement na Ian La Frenais, na wazo la awali ni la Franc Roddam, mwongozaji wa filamu aliyesikia habari za waashi wa kwao, kaskazini-mashariki ya Uingereza, waliokwenda kutafuta kazi Ujerumani. Hali ya wakati huo yafaa ikumbukwe. Mwaka 1982 idadi ya wasio na kazi nchini Uingereza ilikuwa imepita milioni 3. Nchi hiyo ilikuwa imeingia katika Soko la Pamoja la Ulaya mwaka 1973, hivyo fundi wake aliruhusiwa kuvuka bahari na kuajiriwa Ujerumani ya Magharibi. Basi taifa lililoshinda vita likawa linapeleka vibarua kwa taifa lililoshindwa. Hapo ndipo penye mzizi wa kicheko na wa uchungu.

Wahusika wakuu ni mafundi saba walio katika kiwanja cha ujenzi mjini Düsseldorf. Dennis, Neville na Oz ni waashi kutoka Newcastle. Bomber, mwashi wa nne, ni mtu wa Bristol. Wayne ni seremala wa London, Barry ni fundi umeme kutoka upande wa Birmingham, na Moxey ni mpiga lipu wa Liverpool. Kila mmoja anasema Kiingereza cha kwao, nao hutaniana kwa sababu hiyo kabla hata ya kukutana na Mjerumani. Jina la mchezo lenyewe ni ndoa ya lugha mbili. Maneno mawili ya kwanza ni kwaheri ya Kijerumani. Neno la mwisho ni la lahaja ya Newcastle, la kumwita mtu kwa upole, kama vile mtu mzima wa pwani amwitavyo asiyemzaa "mwanangu". Mke aliyebaki nyumbani anaagwa kwa lugha ambayo huenda mumewe haijui.

Watungaji wamefaulu sana katika mfululizo huu wa kwanza, na sababu ya kufaulu kwao ni jembe. Mafundi hawa hawakwenda kutembea. Wameajiriwa na Wajerumani, wanaamrishwa na Wajerumani, na mshahara wao hutoka mkononi mwa Wajerumani. Wanalala katika kibanda cha mbao kifananacho na kambi ya mateka wa vita, nao wenyewe hawaachi kulitania jambo hilo. Katika sehemu ya pili, ambayo jina lake linauliza ni nani hasa aliyeshinda vita, linagunduliwa kiwanjani bomu la wakati wa vita ambalo halikulipuka. Katika mji wa Düsseldorf hakuna haja ya kuuliza lilitoka kwa nani. Mgeni anachimba msingi wa nyumba ya mwenyeji, na anakutana na kile walichokiacha wazee wake.

Mhusika anayelibeba jambo hili ni Oz, mtu mwenye kelele, mlevi, mwenye kuwadharau Wajerumani waziwazi na kujisahaulisha mke na mtoto aliowaacha Newcastle. Mtungaji dhaifu angetufanya tucheke pamoja na Oz. Clement na La Frenais wanatufanya tumcheke Oz mwenyewe, kisha baadaye wanatufanya tumhurumie. Kila analolitupa kwa mwenyeji linamrudia, kwa kuwa mwenyeji yupo na ana kinywa. Dagmar, afanyaye kazi katika ofisi ya kiwanja, anasema Kiingereza fasaha kuliko Kijerumani cha yeyote kati ya wale saba. Yeye anaweza kuwasikia. Wao hawawezi kumsikia asipotaka. Mapenzi yaingiayo kati yake na Dennis yana uzito kwa sababu hiyo, maana Dagmar si pambo la ugenini bali ni mtu mwenye kazi yake, mji wake na uamuzi wake. Hata mwisho wa kazi yao unaamuliwa na wenyeji: yanatolewa masharti mapya ya kodi, na wageni hawana budi kufunga mizigo. Kibanda kinateketea kwa moto.

Sasa lipo jambo ambalo lapaswa kumshangaza msomaji. Kiwanja kile cha "Düsseldorf", pamoja na matope na kibanda chake, kwa sehemu kubwa hakikuwa Ujerumani. Kilijengwa Elstree, karibu na London, mahali ambapo baadaye BBC walijenga mtaa wa mchezo wa "EastEnders". Picha za mitaani zilipigwa Ujerumani kweli, lakini mjini Hamburg. Hata hivyo, ugenini ule ni wa kweli. Mtazamaji anausikia baridi yake.

Tuyatazame mafululizo yaliyofuata. Mwaka 1986 mafundi walikusanyika tena, wakafanya kazi kwanza katika jumba la kale huko Derbyshire, kisha wakapelekwa pwani ya kusini ya Uhispania. Safari hii jua ni la kweli na bahari ni ya kweli. Lakini tajiri wao ni Ally Fraser, mtu wa magendo wa huko huko kwao, na nyumba waitengenezayo Uhispania ni yake. Jembe wamepewa na mtu wa kwao. Matokeo yake ni kwamba Mhispania anabaki ukingoni mwa picha, na mchezo unakuwa wa Waingereza wanaogombana mahali penye joto. Vichekesho vipo, na vingine ni vizuri, lakini vingeweza kutokea penginepo.

Mwaka 2002, baada ya kimya cha miaka 16, mchezo ulirudi kwa BBC. Safari hii mafundi wanalibomoa daraja mashuhuri la mji wa Middlesbrough, lililofunguliwa mwaka 1911, ili lipelekwe Arizona, Marekani, na kusimamishwa katika ardhi ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliolinunua kwa ajili ya njia ya kufikia kasino yao. Kisa hicho si ndoto tupu, kwani daraja la London lilikwisha kuuzwa kweli na kusimamishwa Lake Havasu City, Arizona, likafunguliwa huko mwaka 1971. Baadhi ya watazamaji waliamini kwamba daraja la Middlesbrough nalo limeondoka, ilhali lilikuwa limesimama pale pale na kazi yote ilifanywa na kompyuta. Hapa mchezo unapata tena nguvu yake ya zamani, na msomaji atakuwa ameshakisia sababu. Mnunuzi ni mwenyeji. Watu ambao filamu za Marekani ziliwazoeza watazamaji kuwaona wakikimbizwa juu ya farasi, humu ndio walipao mshahara, na Mwingereza ndiye asubiriye kulipwa.

Kisha ukaja mwaka 2004. Mafundi sasa wameajiriwa na idara ya serikali yao ishughulikiayo majengo ya balozi, nao wanapelekwa Havana, Kuba. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo ikaonyeshwa hadithi ya kuagana, katika sehemu mbili, ambayo mandhari yake ni Laosi. Lakini "Kuba" ilipigwa picha katika Jamhuri ya Dominika, na "Laosi" ilipigwa picha Tailandi. Tusiwe wepesi wa kulaumu. Nchi moja kuazima sura ya nchi nyingine ni jambo la kawaida katika filamu, na tumekwisha kuona kwamba Elstree iliweza kuwa Düsseldorf. Kosa haliko katika kuazima. Tujiulize: je, mchezo ungebadilika kama "Laosi" ingeitwa kwa jina la nchi nyingine yoyote yenye mitende? Düsseldorf haiwezi kubadilishwa jina. Ukiiondoa, umeondoa vita, kodi, Dagmar na bomu. Mwaka 2004 jembe limetolewa na ubalozi, yaani na nyumbani, na mgeni amerudi barazani.

Haki tuitoe. Oz wa mwaka 2004 si yule wa mwaka 1983. Anampenda mwanamke wa Kikyuba, na mapenzi hayo yameandikwa kwa heshima. Zipo nyakati ambapo mwenyeji anapata kinywa. Tena, atokee wa kutuambia kwamba mchezo huu ulitungwa kwa ajili ya Waingereza, na kwamba futuhi haina wajibu wa kuwa kitabu cha jiografia. Twakubali. Hatudai somo la jiografia. Tunachosema ni kwamba futuhi yenyewe hupungua pale mwenyeji aondolewapo, kwa kuwa kichekesho cha ugenini huhitaji watu wawili: asiyeelewa, na yule amwonaye kwamba hakuelewa. Akiondoka wa pili, hubaki mtu mmoja akipiga kelele mbele ya mandhari.

Kwa hiyo kipimo chetu si umbali ambao kamera imesafiri, wala si kama mahali palipopigwa picha ni penyewe. Kipimo ni swali dogo: nani anatoa jembe? Mchezo huu ulipojiuliza swali hilo vyema, yaani mwaka 1983 na mwaka 2002, ulisimama. Ulipolisahau, ulitembea mbali zaidi na kuona kidogo zaidi.

Sisi tunalijua jambo hili kwa upande wa wenyeji. Lugha yetu imekwisha kuazimwa na filamu za mbali. Katika "The Lion King" ya mwaka 1994, simba anaitwa Simba na nyani anaitwa Rafiki, lakini wote wanazungumza Kiingereza. Maneno yetu yamekaribishwa; mazungumzo yetu yamebaki nje ya mlango.

Lakini kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, tuvifungue vitabu vyetu wenyewe. Mara ngapi tumewaandikia wanafunzi mazungumzo ambamo mgeni anauliza yote na mwenyeji anajibu yote? Mgeni anauliza bei, mwenyeji anaitaja. Mgeni anauliza njia, mwenyeji anamwonyesha. Mwenyeji wetu hachoki, hakasiriki, hakosei, hana swali lake hata moja. Ndiye Mhispania wa mwaka 1986, yuko ukingoni mwa picha akitabasamu. Mwanafunzi ajifunzaye kwa mazungumzo hayo huenda akafika Mombasa au Tanga akiwa na maswali tele kinywani, lakini siku atakapoulizwa yeye, atakuwa bubu.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu tufundishao katika nchi jirani, ambako wanafunzi wetu wengi hawatakihitaji Kiswahili kwa matembezi bali kwa riziki. Dereva wa lori atokaye Kigali, mfanyabiashara wa Bujumbura, mwashi wa Kampala, hao hawaendi pwani kusifu upepo. Twapendekeza basi zoezi moja. Mwalimu awape wanafunzi wake kiwanja cha ujenzi mjini Dar es Salaam. Mwashi mgeni amefika asubuhi ya kwanza. Hajui timazi ni nini, anachanganya kokoto na mchanga, anamwita msimamizi kwa neno lisilo na adabu pasipo kukusudia. Mwanafunzi mmoja awe mgeni, mwingine awe msimamizi, na wa tatu awe kibarua mwenyeji anayecheka pembeni. Msimamizi asiwe mpole kupita kiasi. Amuulize mgeni ametoka wapi, nani amemfundisha kazi, kwa nini ukuta wake umepinda. Kisha wabadilishane nafasi.

Tuna hakika kwamba darasa litacheka. Nasi twawasihi walimu wenzetu waangalie ni nani anayechekwa, na kama mgeni yule, kabla kengele haijalia, ameshashika mwiko na kuunyoosha ukuta.