Gitaa Lenye Kumngoja Mwimbaji: Juu ya Sanaa ya Paco de Lucía

Wengi wanaomsifu Paco de Lucía humsifu kwa wepesi wa vidole vyake. Sifa hiyo ni ya haki, walakini ni ndogo, na naona imemdhulumu kuliko lawama za wapinzani wake. Mimi nami nilikuwa katika kundi hilo. Santuri yake ya kwanza niliyoisikia ni ile aliyopiga San Francisco mwaka 1980 pamoja na John McLaughlin na Al Di Meola, wapigaji watatu wakifukuzana juu ya nyuzi. Nilistaajabu sana, lakini nilipoirudia mara nyingi niliona mbio zimebaki na maneno yamekwisha.

Alizaliwa Algeciras, bandari ya kusini mwa Hispania, mwaka 1947, akaitwa Francisco Sánchez Gómez. Lucía ni mama yake, mwanamke wa Kireno. Wavulana walioitwa Paco walikuwa wengi mtaani, na kila mmoja alipambanuliwa kwa jina la mamaye. Babaye alipiga gitaa usiku katika starehe za watu ili apate riziki, akamfunza mwanawe kwa ukali, saa nyingi kila siku. Basi wepesi ule haukushuka kutoka mbinguni; ulitoka katika nyumba ya kimaskini. Tena katika utoto wake hakupiga peke yake: alimfuata kaka yake Pepe, aliyekuwa mwimbaji.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika flamenco wimbo ni bwana na gitaa ni mtumishi. Chukua soleá: mizani yake ni mapigo 12, na mkazo huangukia pigo la 3, 6, 8, 10 na 12. Mwimbaji huweza kuliburura neno moja mpaka pumzi imwishie, na hakuna ajuaye atalikata wapi. Mpigaji hana budi kuishika hesabu moyoni, amngoje, kisha amjibu kwa maneno machache ya nyuzi na kuufunga mstari penye pigo la 10. Akiwahi amemkanyaga mwenziwe. Akichelewa amemwacha uchi. Kazi hiyo haihitaji mbio hata kidogo. Yahitaji sikio, na unyenyekevu ambao vijana wenye vidole vyepesi hawana.

Paco alikuwa nao. Santuri alizorekodi pamoja na Camarón de la Isla kuanzia mwaka 1969 ndizo ushahidi. Kuna mahali gitaa lanyamaza kabisa, na ukimya wenyewe wahesabiwa katika mizani. Mtu asiyezisikia santuri hizo asihukumu chochote juu yake.

Walinzi wa mila walimlaumu kwa kuingiza besi, filimbi, na lile sanduku la mbao lipigwalo kwa viganja, alilolipata Peru. Lawama hiyo siipi uzito mkubwa. Vyombo viliongezeka, lakini hesabu ya mapigo haikuguswa. Hata “Entre dos aguas” ya mwaka 1973, iliyompatia umaarufu kwa watu wasioijua flamenco, haina dhambi. Kasoro yake ni wepesi wa maudhui.

Pima badala yake soleá aliyoitunga kwa heshima ya Niño Ricardo, katika santuri ya Siroco ya mwaka 1987. Hakuna mwimbaji hapo, lakini nafasi yake imeachwa wazi: kila fungu la nyuzi hupanda, husita kama pumzi ya mtu, kisha huanguka. Amejifunza kumngoja mtu asiyekuwapo.

Mwenyewe alikiri kwamba alitamani kuwa mwimbaji. Alifariki Mexico tarehe 25 Februari 2014, na santuri yake ya mwisho, Canción Andaluza, ilitoka baada ya kifo chake. Ni nyimbo za kale za Andalusia, nazo nyingi kati yake gitaa laziimba peke yake.