Nataraja: Ishara Zinazobeba Uzito

Sanamu ya Nataraja, yaani Shiva akicheza ngoma, ni mtihani mgumu kwa fundi wa shaba. Mwili mzima umesimama juu ya mguu mmoja uliopinda gotini, mikono minne imetanuka, nywele zimeruka huku na huku. Mafundi wa Kitamil wa enzi ya Chola, kusini mwa India, waliufaulu mtihani huo zaidi ya miaka 900 iliyopita. Siri yao ni kwamba ishara za imani walizipa pia kazi ya kushikilia umbo.

Anza na mikono. Wa kulia wa nyuma umeshika kingoma cha uumbaji, wa kushoto umebeba moto wa maangamizi. Kiganja cha kulia cha mbele kimeinuliwa: usiogope. Mkono wa nne unakatiza kifuani na kuelekeza vidole kwenye mguu wa kushoto ulioinuliwa, kimbilio la muumini. Mguu wa kulia umemkanyaga Apasmara, kijitu cha ujinga. Kijitu hicho ndicho kinachoupokea uzito wote na kuushusha kwenye kitako.

Kisha duara la ndimi za moto, mzunguko wa ulimwengu. Katika sanamu nyingi, ncha za nywele na za mshipi zimeungana nalo, hivyo linaukaza mwili pande zote.

Kazi yenyewe huanza kwa nta ya nyuki iliyokazwa kwa utomvu. Umbo likikamilika, hupakwa udongo laini wa mto, halafu tabaka za udongo mzito. Kalibu ikichomwa, nta huyeyuka na kutoka. Shaba iliyoyeyushwa humiminwa mahali pake. Kalibu huvunjwa, kwa hiyo hakuna sanamu yenye pacha. Katika mji wa Swamimalai, karibu na mto Kaveri, mafundi wangali wanasubu hivyo, na sanamu hutoka nzito, si tupu ndani.

Uzito huo haukuizuia sanamu kutoka hekaluni. Kitako kina matundu ya kupitishia miti, ili ibebwe mabegani siku za sherehe. Siku hizo huvikwa hariri na mashada ya maua hadi mgongo usionekane. Hata hivyo, mafundi wa Chola waliumaliza mgongo kwa uangalifu uleule wa kifua. Aliyekusudiwa kuheshimiwa kwa kazi hiyo hakuwa mtazamaji.