Riziki Yetu, Si Yangu

Katika Sala ya Bwana, Wakristo wa pwani ya Tanga hatutamki sote neno moja. Ndugu zetu Wakatoliki huomba mkate wa kila siku. Sisi tunaosoma Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 huomba riziki. Twaona watafsiri wale walichagua vema. Mkate ni chakula kimoja. Riziki ni samaki wa Kigombe, mhogo wa Muheza, kibarua cha mkonge, na afya ya kukifanya. Tena ni neno lenye asili ya Kiarabu, tunaloshiriki na jirani zetu Waislamu: kila asukumaye ngalawa alfajiri ajua kwamba upepo haumo mkononi mwake.

Lakini neno hili lina hatari yake. Kwa kuwa hutupeleka moja kwa moja kwa Mungu, ni rahisi mwanadamu kujificha nyuma yake. Mwenye shamba achelewesha ujira wa kibarua, kisha amwambia, "Riziki ni majaliwa." Hayo si majaliwa, ni deni. Hapo neno mkate latusaidia, maana mkate una mwokaji, na anayeuzuia huonekana.

Basi tusiliache neno linalofuata: yetu. Kumtumaini Mungu si kukaa barazani tukingoja. Mvuvi hushona wavu wake kwanza. Wala si kufunika chungu jirani akilala njaa. Huenda riziki aliyoiomba usiku imo chunguni mwetu. Tukiisha kusema Amina, tufunue.