Mgeni Peke Yake na Lugha ya Mwenyeji: Uhakiki wa The Aran Islands na An tOileánach

1.0 Utangulizi

Mwaka 1907 J. M. Synge, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa karibu na Dublin, alichapisha The Aran Islands. Kitabu hicho kilitokana na ziara alizozifanya kuanzia 1898 katika visiwa vitatu vilivyo kwenye mlango wa Ghuba ya Galway, magharibi mwa Ayalandi. Synge alikwenda bila mwandani, akakusudia kuishi na watu waliozungumza Kiayalandi na kujifunza lugha yao. Tangu hapo kitabu chake kimekuwa kielelezo cha msafiri anayeutafuta utamaduni wa Ayalandi akiwa peke yake.

Makala haya yanakisoma kitabu hicho sambamba na An tOileánach (1929), yaani “Mtu wa Kisiwani”, tawasifu ya Tomás Ó Criomhthain, mvuvi wa Kisiwa Kikuu cha Blasket, Kaunti ya Kerry. Inajengwa hoja kwamba upekee wa msafiri ni mbinu ya usimulizi zaidi kuliko hali halisi. Utamaduni hufikiwa kupitia kaya iliyompokea mgeni na lugha isemwayo humo. Kwa hiyo maandishi ya aina hii, pamoja na sera zinazohimiza safari za aina hii, yafaa yapimwe kwa swali moja: baada ya mgeni kuketi, lugha ya mwenyeji imebaki na nafasi gani?

2.0 Synge na Upekee Wenye Watu Wengi

Msimulizi wa Synge hujichora kama mtu anayezurura juu ya miamba, katikati ya ukungu na mawimbi. Hata hivyo, kila kilicho na thamani kitabuni kimetoka kwa mtu mwingine. Mzee kipofu wa Inis Mór anamfundisha lugha. Kijana anayeitwa Michael anakuwa mwalimu na mwenzi wake katika Inis Meáin. Mzee Pat Dirane anamsimulia hadithi kando ya moto. Viatu vyake vinapochanwa na mawe, wenyeji wanamtengenezea vya ngozi mbichi kama wavaavyo wao. Aidha, anang’amua kwamba saa yake haina kazi kubwa humo: wenyeji hukadiria wakati kwa kivuli kinachoingia mlangoni, na upepo ukigeuka, mlango unaofunguliwa ni mwingine na saa ya chakula huyumba.

Huo ndio ubora wa Synge. Hakusanyi mambo ya ajabu tu. Anaonesha jinsi upepo, mlango na mlo vinavyoshikamana katika maisha ya kaya moja. Vilevile ni mkweli kuhusu mipaka yake. Anakiri kwamba siku nyingine kisiwa ni kama nyumbani kwake, na siku nyingine anajiona mpitaji asiye na mahali.

Udhaifu wake unatokana na kile alichokitafuta. Anaihama Inis Mór na kwenda Inis Meáin kwa sababu Kiayalandi kinatumika zaidi huko, lakini pia kwa sababu anayaona maisha ya huko kuwa ya kale zaidi. Sababu hizi mbili si moja, naye anazichanganya. Anayeipenda lugha kwa kuwa imefungamana na ukale humweka msemaji wake katika mtego: akiboresha maisha yake, huonekana kana kwamba ameusaliti utamaduni. Michael anapokwenda kutafuta kazi bara, msimulizi anahuzunika. Msomaji, hata hivyo, haelezwi vya kutosha kwa nini kijana mwenye lugha tajiri kiasi hicho hakuweza kujipatia riziki kwa lugha hiyo.

3.0 Mwenyeji Anaposhika Kalamu

An tOileánach inamgeuza mtazamaji kuwa mtazamwa. Mwaka 1907 Carl Marstrander, mtaalamu wa lugha kutoka Norwei, alifika Blasket na kufundishwa na Ó Criomhthain. Mwaka 1910 akafuata Robin Flower, Mwingereza ambaye baadaye alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza (1934). Wageni hao hawakuja kutazama tu, bali waliketi kama wanafunzi. Mvuvi alikuwa mwalimu, na mwendo wa somo ulikuwa wake.

Katika tawasifu hiyo wageni wana nafasi ndogo. Nafasi kubwa wanayo watoto waliokufa, mashua, samaki, madeni na vicheko vya jirani. Kile ambacho kwa Synge ni mandhari, kwa Ó Criomhthain ni kazi. Bahari haiwi ishara ya fumbo kabla ya kuwa shamba lake na kaburi la jamaa zake.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kudai kwamba sauti hii haikuguswa na wageni. Brian Ó Ceallaigh wa Killarney ndiye aliyemhimiza kuandika na kumsomea kazi za Gorky na Loti. Mhariri wa kwanza aliondoa sehemu kadhaa, na ilibidi kusubiri toleo la Seán Ó Coileáin la 2002 ili maandishi kamili zaidi yapatikane. Mgeni mwema alisaidia kitabu kizaliwe, hakukiokoa kisiwa. Wakazi wa mwisho walihamishwa mwaka 1953.

4.0 Onyo la Dhihaka

Mwaka 1941 Brian O’Nolan, kwa jina la Myles na gCopaleen, alichapisha An Béal Bocht, dhihaka kali dhidi ya desturi hii yote. Humo mtaalamu mgeni anaingia gizani na chombo cha kurekodia sauti, anarekodi mkoromo wa nguruwe na kuondoka ameridhika, kwa kuwa anaamini Kiayalandi bora ni kile kisichoeleweka. Dhihaka hiyo inagusa kiini cha tatizo: mgeni asiyeielewa lugha anaweza kuitukuza bila kumsikia msemaji wake.

5.0 Athari za Kisera

Kiayalandi ni lugha rasmi ya kwanza katika Katiba ya 1937. Sensa ya 2022 ilionesha kwamba watu zaidi ya milioni 1.8 walisema wanaijua lugha hiyo, lakini waliosema wanaitumia kila siku nje ya masomo walikuwa takriban 72,000 tu. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na watalii. Hata hivyo, utaratibu wa kaya za Gaeltacht, maeneo ya wasemaji wa lugha hiyo, kuwapokea wanafunzi wakati wa kiangazi unafuata mfano wa Ó Criomhthain: mgeni huingia kama mwanafunzi, na kaya hupata kipato kwa sababu inazungumza lugha yake. Mgeni anayemlazimisha kila mtu mezani kuhamia Kiingereza hukila kile alichokuja kukionja.

Watafiti wa Kiswahili wanalo la kujifunza hapa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mnakili wa miswada, aliwafanyia kazi Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann katika miongo ileile ambayo Ó Criomhthain aliwafundisha wageni wake. Kiswahili hakiko hatarini kama Kiayalandi. Lakini Kiamu na Kimakunduchi vinakabiliwa na shinikizo la Kiswahili Sanifu chenyewe. Huko, mtafiti anayefika na Kiswahili cha vitabuni ndiye mgeni ambaye wenyeji hubadilisha usemi kwa ajili yake.

6.0 Hitimisho

Methali husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Synge alikuja, na fasihi ikapona zaidi ya mwenyeji. Ó Criomhthain anaonesha njia nyingine: mwenyeji awe mwalimu, alipwe kama mwalimu, na neno la mwisho liwe lake. Mipango ya utalii wa kiutamaduni na ya utafiti nyanjani inapaswa kuanzia hapo, kwa kuweka lugha ya kaya kuwa sharti la ziara na si pambo lake.