Tumaini, Taraja na Saburi: Kitabu cha Maombolezo katika Kiswahili

Ni desturi iliyozoeleka katika mahubiri na matanga yetu kuwafariji wafiwa kwa aya ya 22 na 23 za sura ya tatu ya kitabu cha Maombolezo, zinazosifu rehema za Mungu zisizokoma. Aya hizo hunukuliwa peke yake, kana kwamba hazikutanguliwa wala kufuatwa na neno lolote. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba ukataji huo huiharibu kazi ya sanaa, na papo hapo hulipotosha tumaini lenyewe. Tutakayoitegemea ni tafsiri ya mwaka 1952, iliyokusudiwa kuziunganisha Biblia mbili zilizoitangulia, ya Kiunguja ya 1891 na ya Kimvita ya 1914.

Yafaa kwanza kuutazama muundo. Maombolezo ni tungo tano za kuulilia mji wa Yerusalemu ulioangushwa na Wababeli yapata mwaka 586 kabla ya Kristo. Sura ya kwanza, ya pili na ya nne zina aya 22 kila moja, na kila aya huanza kwa herufi yake ya Kiebrania, kwa taratibu ya alfabeti. Sura ya tatu ina aya 66, yaani tatu kwa kila herufi. Sura ya tano ina aya 22 lakini haifuati herufi tena. Ufundi huu haukumgeni msomaji wa ushairi wa pwani, ambao nao una utungo kama Dura Mandhuma uliopangwa kwa herufi za Kiarabu. Katika tafsiri, hata hivyo, herufi hizo zimepotea, na pamoja nazo umepotea ushahidi muhimu: kwamba mwombolezaji amejifunga kuyasema yote, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, asiruke hata moja.

Waama, aya zile mbili zipendwazo zimo katika herufi ya nane. Baada yake zimesalia herufi kumi na nne. Mshairi hakuishia pale alipofarijika. Katika aya ya 44 anamlalamikia Mungu kwa kujifunika wingu ili maombi yasipite. Katika sura ya nne anaitaja njaa iliyowafanya akina mama kuwapika watoto wao. Na aya ya mwisho kabisa ya kitabu inaacha wazi uwezekano kwamba Mungu amewakataa watu wake. Wayahudi wenyewe, wanapokisoma kitabu hiki katika ibada, huirudia aya iliyo kabla ya ile ya mwisho ili wasimalizie hapo. Desturi hiyo yathibitisha ukali wa maandishi yenyewe.

Huenda msomaji akapinga kwamba sura ya tatu ndiyo ya katikati, na katikati ni mahali pa heshima. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini katikati si mwisho. Tumaini lililowekwa katikati ya kilio ni tumaini linalojua kwamba kilio kitaendelea. Tena tazama linavyoingia: katika aya ya 18 mshairi anasema tumaini lake limepotea, katika aya ya 21 anasema analo. Kiebrania kinatumia mzizi mmoja mahali pote pawili, na watafsiri wetu wakauhifadhi uhusiano huo kwa neno *tumaini*. Kati ya aya hizo mbili hakuna jambo lililobadilika nje: mji haukujengwa, mateka hawakurudi. Kilichotokea ni kukumbuka tu. Hapa tafsiri yastahili sifa.

Ama kuhusu maana ya neno lenyewe, pana jambo la kutafakari. *Tumaini* latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutulia kwa moyo, nalo *taraja* latokana na mzizi wa kutazamia jambo jema. *Saburi* pia ni neno la asili hiyo. Kwa hiyo Mkristo wa Kiswahili hulia na kufarijika kwa msamiati uliolelewa na jamii ya Waislamu wa pwani, nasi hatuna budi kuikiri deni hiyo. Katika matumizi, twamtumaini mtu, lakini twatarajia kitu. Mizizi ya Kiebrania iliyotumika katika sura hii hasa ni ya kungoja. Anayengoja bado hajatulia, na aya ya 29 inathubutu kusema "labda" tu. Methali yetu husema subira yavuta heri. Mwombolezaji hakuahidiwa heri hiyo, naye asubiri vivyo hivyo.

Tatizo hili laonekana pia katika Waraka kwa Warumi. Neno moja la Kiyunani limefasiriwa *tumaini* katika sura ya tano na *taraja* katika sura ya nane, aya ya 24. Chaguo la pili lina sababu yake, maana hoja ya Paulo pale inahusu kitu kisichoonekana bado. Hata hivyo msomaji hunyimwa uzi unaoziunganisha sura hizo. Kinachomwokoa ni *saburi*, iliyobaki ile ile katika sura zote mbili: katika ya tano yazaliwa na dhiki, na katika ya nane ndiyo namna ya kungojea. Kwa maoni yetu, neno hilo ndilo linaloikaribia zaidi roho ya Maombolezo.

Idara zetu zimekuwa zikiiachia Biblia ya Kiswahili wanatheolojia, kana kwamba si fasihi. Athari yake si ya kitaaluma tu. Mfiwa anayesomewa aya mbili zilizokatwa huambiwa, bila ya kusemwa wazi, kwamba kilio chake kimezidi muda na kwamba mwenye imani hunyamaza upesi. Angesomewa sura nzima, angesikia kwamba mshairi aliyetumaini ndiye yule yule aliyeendelea kulia, na kwamba maandiko hayakumkemea.