Koti la Mvua Katika Majumba ya Mabwanyenye: Sanaa ya Peter Falk

Watu wengi wanapomsifu mwigizaji husema kwamba fulani anajua kulia, au anajua kucheka, kana kwamba kazi yote ya jukwaani ni kutoa sauti na machozi. Ni nadra kumsikia mtu akimsifu mwigizaji kwa kuwa anajua kusikiliza. Katika makala hii nakusudia kumchunguza mwigizaji mmoja wa Marekani, Peter Falk, ambaye tangu mwaka 1968 hadi mwaka 2003 alimwigiza mtu mmoja yule yule, yaani Luteni Columbo, mpelelezi wa mauaji katika polisi ya Los Angeles, na ambaye silaha yake kubwa ilikuwa hiyo ya kusikiliza. Aidha nitajaribu kuyapima maudhui ya michezo hiyo ya televisheni, kwani sifa za fani peke yake hazitoshi. Mchezo unaomwonyesha askari aliyevaa koti kuukuu akiwatia mbaroni matajiri, kila mara matajiri, hauna budi kuulizwa unasema nini hasa juu ya utajiri wao.

Falk alizaliwa New York tarehe 16 Septemba 1927, akakulia katika mji mdogo wa Ossining kando ya mto Hudson, mji unaojulikana zaidi kwa gereza lake la Sing Sing. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki, nao walikuwa na duka. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu aliugua saratani ya jicho, na madaktari wakaling'oa jicho lake la kulia. Tangu hapo aliishi na jicho la bandia. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alipokuwa sekondari, katika mchezo wa besiboli, mwamuzi alimtoa kwa kosa ambalo yeye hakulikubali. Basi akalichomoa jicho lile na kumkabidhi mwamuzi, akimwambia kuwa yeye ndiye mwenye haja nalo zaidi. Kisa hiki huwachekesha wanafunzi, na wacheke. Lakini baada ya kucheka watazame alichokifanya kijana yule. Alikitoa hadharani kile ambacho wengine wangekificha, na mwenye mamlaka ndiye aliyebaki ameduwaa.

Njia yake ya kufika kwenye sanaa haikunyooka. Jeshi lilimkataa kwa sababu ya jicho, naye akaenda kuwa mpishi katika meli za biashara mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Baadaye alisoma, na mwaka 1953 akapata shahada ya pili ya uongozi wa umma katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Aliajiriwa katika ofisi ya bajeti ya jimbo la Connecticut, mjini Hartford, kama mtaalamu wa kuchunguza ufanisi wa kazi. Naye alipenda kutania kwamba siku ya kwanza alishindwa hata kuliona jengo lenyewe la ofisi. Jioni aliigiza pamoja na kikundi cha watu wa ridhaa. Kisha akajipenyeza katika darasa la waigizaji wa kulipwa lililofundishwa na Eva Le Gallienne, na kila wiki akawa anachelewa kwa kuwa alikuwa akitoka mbali, kazini. Mwalimu alipomwuliza sababu, ilimbidi akiri kwamba yeye si mwigizaji. Mama huyo akamjibu kwamba basi ingefaa awe mwigizaji. Mwaka 1956, akikaribia umri wa miaka thelathini, Falk aliacha mshahara wa serikali na kwenda New York.

Sina haja ya kuzitaja kazi zake zote zilizofuata. Yatosha kusema kwamba mkuu mmoja wa kampuni ya filamu alimkataa akidai kuwa kwa fedha zile zile angeweza kupata mwigizaji mwenye macho mawili. Na kwamba mwaka 1960 aliigiza muuaji wa kukodiwa katika filamu ya Murder, Inc., nafasi ndogo aliyoitenda kwa ukali kiasi kwamba alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar, na mwaka uliofuata akapendekezwa tena kwa filamu nyingine.

Columbo hakubuniwa na Falk. Alibuniwa na waandishi wawili, Richard Levinson na William Link, ambao walikiri kwamba walimchota kwa sehemu kutoka kwa Porfiry Petrovich, yule hakimu mpelelezi katika riwaya ya Dostoyevsky, Uhalifu na Adhabu. Waigizaji wengine wawili walimtangulia Falk: Bert Freed katika televisheni mwaka 1960 na Thomas Mitchell katika jukwaa mwaka 1962. Hata Falk mwenyewe alipoanza mwaka 1968 hakuwa Columbo tunayemfahamu. Katika mchezo ule wa kwanza nywele zake zimechanwa vizuri, na kuna mahali anamfokea shahidi wa kike kwa ukali wa kawaida wa polisi. Mfululizo ulipoanza rasmi mwaka 1971 ukali ule ulikuwa umekwisha ondolewa. Mahali pake Falk aliweka koti la mvua alilolinunua mwenyewe mjini New York siku ya mvua, na ambalo alilivaa miaka nenda miaka rudi katika mji ambao mvua ni haba. Akaweka sigara nene isiyoisha, gari la Peugeot lililochakaa, kalamu inayopotea kila saa, na hadithi zisizokwisha juu ya mke ambaye mtazamaji hamwoni kamwe.

Muundo wa michezo hii unatofautiana na hadithi za upelelezi tulizozizoea. Msomaji wa Muhammed Said Abdulla humfuata Bwana Msa na kiko chake akiwa gizani pamoja na Najum, hadi mwisho fumbo linapofumbuliwa mbele ya wote. Katika Columbo, muuaji tunamwona tangu mwanzo, tunamjua kwa jina, tunajua alivyoua na kwa sababu gani. Mpelelezi huingia baada ya robo saa, wakati mwingine nusu saa. Hivyo basi hakuna fumbo la nani. Kuna watu wawili tu ndani ya chumba, mmoja anaongea na mwingine anasikiliza, na sisi tunangoja kuona ni neno lipi litakalomponza msemaji.

Ni hapa ndipo uigizaji wa Falk unapostahili kuchunguzwa kwa makini. Muuaji anapoeleza alikuwa wapi usiku ule, Columbo hatazami macho yake. Anatazama picha ukutani, viatu, bei ya meza. Anauliza viatu vile vimenunuliwa wapi. Anashukuru, anaomba radhi, anaaga, anafika mlangoni, kisha anageuka kana kwamba amekumbuka swali dogo ambalo mkewe angemgombeza kwa kulisahau. Swali hilo ndilo lililomleta. Jicho lake la bandia, ambalo kampuni ya filamu ililiona kasoro, linampa sura ya mtu aliyeinamisha kichwa ili aone vizuri, na mwenye nyumba hudhani kwamba hiyo ni sura ya mtu mzito wa akili. Kwa maneno mengine, Falk hamwigizi mtu mnyenyekevu. Anamwigiza mtu anayeigiza unyenyekevu, na ugumu wa kazi hiyo ni kwamba mtazamaji lazima auone uigizaji wa ndani wakati muuaji hauoni.

Nichukue mfano mmoja. Katika mchezo wa mwaka 1973 uitwao Any Old Port in a Storm, mwigizaji Mwingereza Donald Pleasence ni Adrian Carsini, bingwa wa kutengeneza mvinyo, anayemwua ndugu yake wa baba mmoja kwa kuwa anataka kuliuza shamba la mizabibu. Anamfungia katika ghala la mvinyo na kuzima mitambo ya kupitisha hewa, kisha anasafiri. Wakati hayupo, kunatokea joto kali. Columbo, ambaye hajui lolote juu ya mvinyo, anakwenda kujifunza. Halafu anamwalika Carsini chakula cha jioni, na bila kumwambia anaagiza aletewe chupa iliyotoka katika ghala lile lile. Carsini anaonja, anakasirika, anawafokea watumishi wa hoteli kwamba mvinyo huu umeharibiwa na joto. Amejifunga kwa ulimi wake mwenyewe: hakuna mwingine ambaye angeweza kuitambua ladha ile. Mwishoni askari na mfungwa wanakaa ndani ya gari bovu wakinywa pamoja, na hakuna kejeli hata kidogo katika uso wa Falk. Amemheshimu fundi kwa ajili ya ufundi wake, naye anampeleka gerezani.

Tuje sasa kwenye maudhui. Wauaji wa Columbo ni mawakili, madaktari bingwa, waandishi mashuhuri, waongoza muziki, wenye viwanda. Wapo wasomaji watakaosema kwamba hii ni sanaa ya wanyonge, kwa kuwa mtu wa chini mwenye asili ya wahamiaji wa Italia anawaangusha mabwanyenye ndani ya majumba yao. Hoja hiyo ina nguvu zaidi katika mchezo wa mwaka 1974, A Friend in Deed, ambao naufikiria kuwa bora kuliko yote. Humo muuaji ni mkubwa wake Columbo mwenyewe katika uongozi wa polisi. Mkubwa huyo anaificha jinai ya rafiki yake tajiri, kisha anamwua mke wake, na mauaji yote mawili anataka kumtwika mwizi mdogo wa kuvunja nyumba ambaye kumbukumbu zake zimo katika mafaili. Kila mtu angeliamini jambo hilo, kwa kuwa mtu wa namna hiyo ndiye anayeaminiwa kuwa muuaji. Columbo anashirikiana na yule mwizi. Mkubwa anakwenda kuficha vito katika chumba anachodhani ni cha mwizi, kumbe chumba hicho kimepangishwa na Columbo, na anwani ile alionyeshwa yeye peke yake. Kwa saa moja na nusu mtazamaji anaona jinsi lawama inavyotafuta njia ya kuteremkia kwa maskini.

Lakini mchezo huo ni mmoja katika 69. Katika mingi iliyobaki majumba yamo kama mapambo, na kamera inayapenda. Hatuonyeshwi mali ile ilitokana na jasho la nani. Watumishi wanafungua mlango na kutoweka. Mtu mmoja mbaya anaondolewa, na nyumba inabaki kama ilivyokuwa, tayari kwa muuaji wa juma lijalo. Wanafunzi wetu wanamjua Abunuwasi, naye pia hujifanya mpumbavu mbele ya wakubwa, na sultani huaibishwa mbele ya watu wote. Kesho yake sultani yuko pale pale barazani. Kicheko cha Abunuwasi na kicheko cha Columbo vina utamu mmoja na upungufu mmoja, na sioni kwamba ni haki kumsamehe mmoja na kumlaumu mwingine. Tena yafaa ikumbukwe kwamba aliyevaa koti lile kuukuu alikuwa miongoni mwa waigizaji waliolipwa fedha nyingi zaidi katika televisheni ya nchi yake, na aligombana na waajiri wake mara kwa mara juu ya mikataba.

Je, Falk alikuwa anajiigiza mwenyewe, kama ilivyodaiwa mara nyingi? Jawabu limo katika filamu ya rafiki yake John Cassavetes, A Woman Under the Influence, iliyotoka mwaka ule ule wa 1974, na ambayo Falk aliichangia fedha zake. Humo yeye ni Nick, msimamizi wa mafundi wa ujenzi, ambaye mke wake, akiigizwa na Gena Rowlands, anapoteza utulivu wa akili. Nick anampenda mke wake, lakini hawezi kumsikiliza. Anapiga kelele, anajaza nyumba watu wakati mke anahitaji kimya, anampiga kofi. Na mke anapopelekwa hospitali, yeye anawachukua watoto pwani na kuwanywesha bia, kwa kuwa hajui baba afanye nini. Uso ni ule ule na sauti ya kukwaruza ni ile ile. Mtu aliyeweza kuwa Nick na Columbo katika mwaka mmoja alijua vema kusikiliza kunafanywaje, kwani alijua pia kutosikiliza kunafanywaje. Na humu hakuna majumba. Kuna nyumba ya mfanyakazi yenye chumba cha kulia ambacho usiku hugeuka chumba cha kulala. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, ingawa tuzo nne za Emmy alizipata kwa Columbo.

Lakini umma ulikuwa umekwisha chagua. Mwaka 1987 Mjerumani Wim Wenders alimpeleka Berlin kuigiza katika filamu ya Wings of Desire, akiwa kama yeye mwenyewe, mwigizaji aliyekuja kufanya kazi; vijana wanapishana naye njiani, wanabishana kama huyu ni Columbo au siye. Falk anapita. Aliirudia nafasi ile mwaka 1989 na kuiendeleza hadi mwaka 2003, uzito wa umri ukionekana, na baadhi ya michezo ya miaka hiyo ni dhaifu. Baadaye akapatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, akafariki Beverly Hills tarehe 23 Juni 2011. Mwaka 2014 ilisimamishwa sanamu ya shaba katika mtaa mmoja wa Budapest, nchini Hungaria. Mchongaji amechonga koti, na miguuni ameweka yule mbwa mvivu mwenye masikio marefu ambaye Columbo alikuwa akimwacha ndani ya gari.