Shogi la Kiturkana

Shogi la Kiturkana ni kiunzi cha fito na ngozi kinachobebwa na punda. Huundwa kwa jozi, moja kila ubavu, na tangu zamani kazi hiyo ni ya wanawake. Katika nchi kavu ya Lodwar na Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, ambako wafugaji hufuata malisho na maji, mali ya nyumba ilipimwa kwa kile kinachoenea ndani ya mashogi. Kisichoenea hakikuwa na nafasi katika maisha.

Ufito hupindwa ukiwa mbichi hadi upate umbo la yai, ncha zikafungwa pamoja. Ndani yake husukwa wavu wa kanda za ngozi. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna chuma. Kwa hiyo kila sehemu inaweza kutenganishwa na nyingine: ukanda ukikatika, hufungwa mwingine, ufito ukivunjika, hukatwa mpya njiani. Aliyeliunda shogi ndiye aliyelitumia, na akili ya ufundi wake haikukaa mbali na machungu ya safari.

Ustadi wake huonekana zaidi siku ya kuhama. Mapema kabla ya jua kuwa kali, mama hupanga vitu kwa utaratibu aliourithi. Ngozi za kufunikia nyumba hukunjwa. Hufuata vyombo vya mbao: elepit ya kukamulia maziwa, vyombo vya kuhifadhia mafuta, na vyombo vya maji. Uzito lazima ulingane pande zote mbili, kwa maana punda akielemewa upande mmoja huchubuka mgongo, na kidonda cha mgongo kinaweza kukatiza safari ya familia nzima. Mkono wa mama hupima uzito huo bila mizani. Akiona upande umelala, huhamisha chombo kimoja, hukaza ukanda, hurudi nyuma akatazama tena.

Kisha hupakiwa wale wasioweza kutembea. Mtoto mchanga hulazwa juu ya ngozi laini, na mwanambuzi aliyezaliwa juzi huwekwa upande mwingine. Shogi lililobeba maji jana hubeba mtoto leo, na kesho litabeba mzee aliyechoka. Kiunzi ni kilekile. Mzigo ndio unaobadilika, na mafundo hubadilika kuufuata. Wanapofika, mashogi hushushwa, ngozi hutandazwa juu ya fito za nyumba, na mahali patupu panakuwa makazi.

Wazo hilo la kutenganisha kiunzi na mzigo lilitafutwa pia na wapanda milima wa mbali. Huko Marekani, katika miaka ya 1920, Lloyd Nelson aliuza kiunzi cha mbao chenye mfuko wa turubai unaoondolewa. Mwaka 1952, Dick Kelty wa California alianza kuuza mabegi yenye viunzi vya alumini. Leo watembezi wa milimani hulipa fedha nyingi wapate begi la mgongoni ambalo vifuko vyake huongezwa na kupunguzwa wapendavyo wenyewe. Lakini zipu ikiharibika, wengine hulitupa na kununua jingine, kwa sababu aliyelishona yuko nchi nyingine na mvaaji hajui limefungwaje.

Uzuri wa vyombo vya Waturkana ulijulikana Nairobi baada ya Mmarekani Alan Donovan kusafiri Turkana mwaka 1970 na kuvikusanya. Mwaka 1972, yeye na Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya, walianzisha jumba la sanaa la African Heritage. Vyombo vilipata wanunuzi na makabati ya vioo. Vikapu vya majani ya mkoma bado vinasukwa na kuuzwa Lodwar, maana hutoshea katika sanduku la mgeni. Shogi ni kubwa mno kwa mgeni, na bila punda halina kazi.

Huko Kakuma, tangu kambi ya wakimbizi ianzishwe mwaka 1992, gunia la msaada, jerikeni la plastiki na bodaboda vimeenea. Jerikeni ni jepesi na halihitaji siku za kuchonga. Hakuna mama wa kulaumiwa kwa kulichagua. La kusikitisha ni kwamba pamoja na chombo umeondoka ujuzi wa kukitengeneza, na hakuna aliyeuliza unakwenda wapi.

Pigo zito zaidi limempata punda mwenyewe. Biashara ya ngozi zake, zinazochemshwa kutengeneza dawa ya ejiao nchini China, ilileta vichinjio Kenya, kimoja kikiwa Turkana. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini, ya 2019 ilipata karibu milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisimamisha biashara hiyo barani.

Makumbusho yanaweza kutunza fito na ngozi. Hayawezi kutunza kipimo cha uzito kilicho mkononi mwa mama, wala fundo analolijua binti kwa sababu alilifunga akiwa safarini na nyanya yake. Maarifa hayo hurithiwa penye punda, mzigo na njia ya kwenda. Kila nyumba inayompoteza punda wake humpoteza pia mwanafunzi wa mwisho wa ufundi huo.